Viti vya Fundi Faradji

Faradji alikuwa na viti vingi kuliko mtu yeyote katika mtaa wa Waswahili wa Gisenyi, na siku walipokuja kuvihesabu hakuwa na hata kimoja.

Alizaliwa mtaani humo. Baba yake, mzee Kadiri, alitoka Ujiji na mizigo ya chumvi na vitambaa, akafika ziwani Gisenyi, akachoka kutembea, akaoa. Faradji alisoma chuoni kwa mwalimu mwenye mkono mzito, akahitimu Kurani, kisha akajifunza kushona kwa mjomba wake. Alipopata cherehani yake mwenyewe hakuwa na pa kuiweka. Nyumba yake ilikuwa ndani sana, nyuma ya nyumba nyingine, pasipopita mteja. Basi akaomba nafasi barazani kwa Mhindi mwenye duka la nguo. Mhindi akampa, akachukua sehemu ya kila kazi, na juu ya hayo Faradji akawa anashonea familia nzima ya Mhindi bure na kufagia baraza kila asubuhi. Nywele zikaanza kuota mvi juu ya baraza ya mtu mwingine. Aliyemjua Faradji alijua na ndoto yake: baraza yake mwenyewe, pana, inayotazama njia, ambayo angeifagia kwa kupenda.

Viti navyo vina asili yake. Siku alipomwoa Mukantwari, binti wa mkulima wa Nyakiriba, wakwe zake walishuka kutoka mlimani wamevaa nguo zao nyeupe, na hapakuwa na pa kuwakalisha. Baba mkwe alipewa ndoo iliyopinduliwa. Ndoo ikabonyea, mzee akaenda chali mbele ya watu wote, miguu juu, na wanawake waliokuwa wakipika wakacheka mpaka wakaunguza wali. Aliyemwinua alikuwa jirani, mama Nyiransabimana. Alimpangusa vumbi, akamkalisha juu ya kigoda chake mwenyewe, na yeye akasimama sherehe nzima.

Faradji hakuisahau ndoo ile. Kulikuwa na seremala mmoja Goma, ng'ambo ya mpaka, aliyependa kuvaa vizuri. Faradji akawa anamshonea suruali na makoti, naye seremala anamlipa kwa viti. Kila kiti kilipofika, Faradji alikishonea mto kwa vipande vilivyobaki chini ya cherehani: kaki ya askari, kitenge cha mke wa karani, kanzu ya shehe, kitambaa cheusi cha joho la padri, vyote vimeungana mahali pa kukalia. Mtu yeyote wa Gisenyi aliyewahi kuoa, kuzika au kubatiza mtoto alikuwa amekalia mto wa Faradji. Baadaye zikaongezeka meza, kitanda cha chuma na taa kubwa, navyo vikaingia katika njia ileile ya kuazimwa, kutoka na kurudi.

Mtaa ulikuwa na sheria moja juu ya mambo hayo, haikuandikwa popote na kila mtu aliijua: kilichoazimwa hakina mwenyewe mpaka vyombo vioshwe. Ukimwazima mtu viti vya harusi, siku ya harusi ni viti vyake. Ukipita mlangoni usivitazame sana. Ukikaa, kaa kama mgeni. Kumwaibisha mwenye shughuli mbele ya wakwe zake ni jambo ambalo hata mlevi wa mtaa hakulifanya.

Basi mwaka mmoja, katikati ya miaka ya hamsini, ikatangazwa kwamba vitagawiwa viwanja vipya karibu na soko, kwenye njia pana, kila kimoja na nafasi ya nyumba ya matofali na baraza mbele. Faradji aliposikia neno baraza alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. Lakini viwanja havikuwa vya kila mtu. Alikuwa amekuja Bwana Verhelst, kijana mrefu mwenye miwani, msomi wa elimu ya jamii, na kazi yake ilikuwa kuwagawa watu wa mtaa katika matabaka matatu. Tabaka la kwanza na la pili wangepata viwanja. La tatu wangebaki walipo, na baadaye ingefikiriwa. Mkalimani wake, Théogène, karani mwenye kalamu mbili mfukoni, alisimama sokoni akaeleza kwamba mtu atapimwa kwa kazi yake, kwa masomo yake na kwa vitu vilivyomo ndani ya nyumba yake. Kila kitu kina alama. Kitanda alama, meza alama, kiti alama.

"Na akili?" mtu akauliza.

"Akili haionekani," akajibu Théogène. "Tunaandika vinavyoonekana."

Faradji alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyekwisha kupewa ufunguo.

Ijumaa Bwana Verhelst akaingia kwake, na siku hiyo ndani ya nyumba ya Faradji mlikuwa na mikeka na mwangwi. Kesho yake Donatille, binti wa jirani yake Sebahire, alikuwa anaolewa. Sebahire alikuwa mtu wa mashua, anapeleka saruji na bia Kibuye na Bukavu, mtu wa maneno mengi na vitu vichache, mwana wa yule mama Nyiransabimana wa kigoda. Viti vyote vilikuwa kwake. Meza ilikuwa kwake. Kitanda cha chuma kilikuwa kimeandaliwa kwa mjomba wa bwana harusi. Taa nayo.

"Jina?" akauliza Théogène.

"Faradji bin Kadiri. Wewe si unanijua? Suruali uliyovaa nimeshona mimi."

"Ni utaratibu, mzee. Kazi?"

"Fundi wa nguo."

"Cherehani iko wapi?"

"Iko barazani kwa Mhindi."

Théogène akanong'ona Kifaransa, Bwana akanong'ona pia. "Anasema, kama iko kwa Mhindi, iko ya Mhindi."

"Ni yangu. Muulize Mhindi mwenyewe."

"Bon, inawezekana. Lakini haiko ndani ya nyumba. Umesoma?"

"Nimesoma chuoni. Nimehitimu. Nasoma na kuandika, na barua za mtaa huu mzima zimepita mkononi mwangu."

"Shule ya misheni?"

"Hapana."

"Donc, kwa hiyo hakusoma," akasema Théogène, na kalamu ya Bwana ikapita haraka.

"Viti?"

Hapo Faradji akafungua kinywa. Dirisha lilikuwa wazi, na nje kwenye njia wakwe wa Sebahire kutoka Busasamana walikuwa wakipita mmoja nyuma ya mwingine na vibuyu vya pombe ya ndizi kichwani, karibu kiasi cha kusikia mtu akikohoa. Kupitia tundu la ua aliuona mto wake wa kaki na joho jeusi, na juu yake amekaa mzee mmoja wa kule, mgongo umenyooka, anajiona ameozesha mahali pa heshima. Faradji akafunga kinywa.

"Viti hamna," akasema.

Bwana Verhelst akamtazama kwa huruma, na huruma ile ilimchoma kuliko tusi. Akauliza swali la mwisho.

"Anataka kujua," akasema Théogène, "wewe mwenyewe unajiona uko tabaka gani?"

Sasa, mtu aliyelelewa akiulizwa hivyo mbele ya mgeni atajibu nini? Atajigamba? Faradji akaweka mkono kifuani. "Mwambie mimi ni mnyonge wa Mungu tu."

"Anasema yeye ni maskini," Théogène akatafsiri, na hilo nalo likaandikwa.

Kisha wakavuka ua, wakaingia kwa Sebahire. Faradji alibaki juu ya mkeka akisikiliza alama zake zikihesabiwa upande wa pili.

Matokeo yalibandikwa sokoni. Sebahire, tabaka la kwanza. Faradji, la tatu. Sebahire, ambaye nusu ya maisha yake alilala juu ya magunia ya saruji katikati ya ziwa, akapewa kiwanja chenye baraza inayotazama njia pana.

"Fundi," alisema Sebahire, akicheka huku anafuta machozi, "viti vyako vimenipeleka mbinguni, vyenyewe vimebaki mlangoni."

"Nenda ukaseme ukweli."

"Nikasema nini? Nikisema viti haiko yangu, watanishusha mimi. Wewe watakupandisha? Hawatakupandisha. Donc tutakaa chini wote wawili. Hiyo iko hesabu muzuri?"

"Wewe baraza utaifanyia nini, Baba Donatille? Utafunga mashua?"

"Sijui. Lakini mutu akikupa ng'ombe, unamuuliza ya nini?"

Mtaa mzima ukawa na ushauri. Mmoja akamwambia aende kwa padri, mwingine aende kwa shehe, wa tatu akamwambia aazime viti vya Sebahire. Mhindi alimpa pole, kisha akamkumbusha kwamba baraza haijafagiwa.

Faradji akaenda kwa Théogène, akamsimamia mlangoni mpaka karani akachoka kujifanya ana kazi. "Bon, mzee Faradji. Alhamisi Bwana atarudi kwa wote wenye malalamiko. Vitu viwe ndani ya nyumba. Vyote. Nakuomba, usiniaibishe."

"Vitakuwepo hata mbingu ianguke."

Mbingu haikuanguka. Jumanne alfajiri alifariki mama Nyiransabimana.

Sebahire alikuja mwenyewe, macho mekundu, kofia mkononi. Katika miaka yote ile hakuna aliyehitaji kuomba. Watu walipiga hodi tu, wakaingia na kubeba. Safari hii Sebahire alikuta viti vimepangwa ukutani na mlango umefungwa nusu.

"Fundi, mama ametuacha."

"Nimesikia. Sote ni wa Mwenyezi Mungu. Pole sana, ndugu yangu."

"Nimekuja juu ya viti."

Faradji alitazama chini. "Baada ya Alhamisi, Baba Donatille. Alhamisi jioni nitaleta mwenyewe."

"Mama anazikwa kesho. Hawezi kungoja Alhamisi."

"Chukua mikeka."

"Mikeka iko," alisema Sebahire. Alivaa kofia, akaivua tena kama aliyekumbuka kitu, kisha akaondoka polepole. Angegombana ingekuwa nafuu.

Mukantwari alikuwa jikoni na alisikia kila neno. Msikitini aliitwa Zuhura, lakini sokoni na nyumbani alibaki Mukantwari, na ulimi wake ulibaki wa Nyakiriba, hauna haraka wala hauna huruma.

"Baba Hamisi," akasema, "ile ndoo ya baba yangu bado iko nyuma ya nyumba. Niwapelekee?"

"Mama Hamisi, siku moja tu. Nimewaazima watu miaka yote. Siku moja nikae na vitu vyangu ndani ya nyumba yangu nihesabiwe kama mtu. Ni dhambi?"

"Sijasema dhambi. Nimeuliza juu ya ndoo."

"Baraza ile ni ya watoto wako."

"Na mama yule alipokea watoto wangu wote kwa mikono yake. Hukumpa hata kigoda."

"Nitampa. Alhamisi."

Mukantwari akakunja mikeka yote ya nyumba, akaweka sufuria kubwa kichwani, akaenda kwa Sebahire. Hakurudi kulala, kwenye kilio wanawake hawarudi.

Mvua ya masika ilinyesha wakati wa mazishi. Ardhi ya Gisenyi ni mawe meusi ya moto wa zamani wa volkano, na yakilowa yanakwaruza na kutia baridi mpaka mfupani. Wazee waliotoka Busasamana walikaa juu ya mawe hayo, mikeka ikiloa chini yao, na wengine wakasimama. Faradji alihudhuria mazishi, akashika koleo, akatupa udongo. Watu walimsalimu. Hakuna aliyemlaumu. Walimsalimu vizuri mno, kama mtu wa mtaa mwingine.

Alhamisi aliamka, akaenda kwa Mhindi, akabeba cherehani mpaka nyumbani. Akaweka meza katikati na taa juu yake. Akatandika kitanda. Akapanga viti vyote safu mbili, mito ikitazama mlango. Akavaa kanzu safi, akakaa juu ya kimoja, akangoja.

Asubuhi ikapita. Akahama kiti. Adhuhuri akaswali, akarudi, akahama tena, kana kwamba Bwana Verhelst angechelewa kwa sababu Faradji amekaa kiti kibaya. Kutoka upande wa pili wa ua alisikia nyimbo za wafiwa, halafu mazungumzo ya chini, halafu, jambo la ajabu, sauti ya Théogène. Akadhani amesikia vibaya. Alasiri Théogène akapita mlangoni, viatu vimejaa tope jeusi, na Faradji akatoka mbio.

"Karibu. Karibuni. Bwana yuko wapi? Kila kitu kipo."

Théogène alitazama ndani, akaona zile safu mbili. "Mzee, Bwana iko kule kilioni. Tangu asubuhi."

"Basi akimaliza aje ahesabu."

"Hahesabu tena."

"Unasema nini wewe?"

"Wakubwa wake wa huko Ulaya wamemwandikia barua. Wanasema kuhesabu vitu haitoshi. Vitu vinadanganya, vinaweza kuwa vya kuazima." Théogène alisema hivyo bila kutabasamu. "Sasa anauliza watu. Anauliza, katika mtaa huu, nani anaheshimiwa? Nani mkitaabika mnamkimbilia? Majina yakirudi mara nyingi, huyo anapanda."

Faradji alishika nguzo ya mlango. "Anauliza watu. Leo. Pale."

"Pale ndipo watu wamekusanyika."

"Na watu wamesema nani?"

Théogène akaanza kukwangua tope la kiatu chake kwenye jiwe.

"Théogène, nimeshona suruali yako ya ubatizo. Sema."

"Wametaja shehe kidogo. Wametaja mwalimu wa katekisimu." Akakwangua kiatu cha pili. "Waliotajwa zaidi ya wote, mzee, iko bibi yako. Mukantwari. Karibu kila mutu."

Kwa kitambo kidogo Faradji hakujua kama anataka kucheka au kumpiga mtu. "Basi nyumba hii imepanda. Mke wangu ni nyumba yangu."

"Hapana. Pole. Tunaandika wakuu wa nyumba tu. Mwanamke hana mahali pa kuandikwa. Nilimuuliza Bwana, akasema inapendeza sana, lakini hana mahali."

"Inapendeza."

"Ndivyo alivyosema."

"Na mimi?"

"Wewe, mzee... hakuna aliyekutaja. Mimi ningekutaja. Mimi hawakuniuliza."

Faradji aliingia ndani. Alisimama katikati ya mali yake yote, kitanda, meza, taa, cherehani, safu mbili za mito ya kaki na vitenge, na hakukuwa na mtu wa kukaa. Alikuwa amehesabiwa kwa vitu siku ambayo vitu vilikuwa kwa watu, na amehesabiwa kwa watu siku ambayo vitu vilikuwa kwake. Alitamka jambo ambalo mwalimu wake wa chuoni angemchapia. Kisha akavua kanzu safi, akavaa kaptura ya kazi, akaanza kufunga viti kwa kamba.

Alitoka na viti viwili kichwani na kimoja katika kila mkono. Njiani, mbele ya ua wa Sebahire, akakutana na Bwana Verhelst akitoka, miwani imeloa, uso umechangamka kama mtu aliyetoka karamuni. Alipomwona Faradji alisimama, akasema maneno marefu. Théogène akaja nyuma akikimbia.

"Anakukumbuka. Anasema samahani kwa kukuzuia, lakini ana swali moja tu. Anataka kujua kama jibu lako limebadilika. Wewe mwenyewe unajiona uko tabaka gani?"

Mvua ilikuwa imeanza tena. Miguu ya kiti ilikuwa ikimchoma Faradji utosini. Alifikiri juu ya heshima aliyofundishwa, akafikiri juu ya mkono kifuani, na mikono yote miwili ilikuwa na viti.

"Mwambie ashike hiki kwanza," akasema.

Akamsukumia Bwana Verhelst kiti cha mkono wa kulia, kikamgusa tumboni, naye msomi, asijue la kufanya, akakishika. Faradji akaendelea kutembea. Nyuma yake akasikia viatu vya Kizungu vikifuata kwenye tope.

Pale kilioni watu waligeuza vichwa. Sebahire alikuwa amekaa juu ya jiwe, blanketi begani. Alimtazama Faradji, akamtazama mzungu aliyekumbatia kiti, akatazama tena.

"Fundi," akasema, "wewe ulisema jioni. Kumbe ulikuwa unatafuta mupagazi."

Mtu mmoja alicheka puani, kisha mwingine, wazee wa Busasamana wakajiinua kutoka kwenye mawe wakishika viuno. Faradji alimwekea Sebahire kiti cha kwanza kwa mkono wake, akapangusa mto, akasimama mbele yake mpaka akakaa. Hakusema samahani. Sebahire hakuidai. Aliegemea tu nyuma, akafumba macho.

Mukantwari alikuja na kijiko kikubwa mkononi, akavikagua viti kimoja kimoja, akamtazama Bwana Verhelst, ambaye bado alikuwa amesimama.

"Mugeni asisimame," akasema. "Mpe kile cha mguu mubovu."

Vijana wakaenda kuvileta vilivyobaki, na meza, na taa.

Karatasi za viwanja zilitolewa kabla ya kiangazi, na jina la Faradji halikuwamo. Sebahire alijenga, akaona baraza haina faida kwa mtu wa mashua, akamwambia Faradji alete cherehani yake kule, bure. Faradji alikaa siku nyingi bila kujibu. Alikuwa amechoka na baraza za watu, na hii ilikuwa ya mtu ambaye aliipata kwa viti vyake. Mwishowe alikwenda kuitazama. Ilikuwa pana, inatazama njia, na ilikuwa chafu. Alitafuta ufagio huku akigombana na Sebahire kwamba mtu mwenye tabaka la kwanza anaishije na takataka hizi.

Hakuwa amemaliza kufagia alipokuja mwanamke mmoja kutoka mtaa wa juu, mtoto wake anabatizwa Jumapili, amekuja juu ya viti.

"Kamuulize Mama Hamisi," alisema Faradji bila kuinua kichwa. "Na umwambie ahakikishe Jumapili haji mtu kuhesabu."